Ramani ya treni za chini ya ardhi za London haipimi umbali

Kazi yangu ni kuwapangia wageni matembezi ya London, na kuna maneno ambayo nimechoka kuyasikia: "Dada, tumeangalia ramani, ni mbali, tutapanda treni." Ramani wanayoizungumzia ni ule mchoro wa rangirangi uliobandikwa kila kituo. Wameangalia mchoro wa treni wakaamini wameuona mji.

Dhana: ramani ya treni inaonyesha mahali vituo vilipo.

Ukweli: inaonyesha njia ipi inakutana na ipi, basi. Harry Beck, mchoraji wa michoro ya kihandisi, aliibuni mwaka 1931. Alitambua kwamba abiria aliye chini ya ardhi hana haja na mitaa iliyo juu ya kichwa chake. Anataka kujua apande wapi, abadilishe wapi, ashuke wapi. Kwa hiyo akainyoosha mistari yote iwe ya wima, ya mlalo au ya mshazari, akapanua katikati ya mji ambako vituo vimebanana, na kubana pembezoni ambako vimeachana. Wakubwa waliikataa mwanzoni. Ilipochapishwa mwaka 1933 abiria waliipenda mara moja, na ramani ya leo bado inafuata mtindo wake. Ni kazi nzuri sana, ila haikuchorwa kwa ajili ya kupimia umbali.

Chukua Leicester Square na Covent Garden kwenye njia ya Piccadilly. Kati ya vituo hivyo kuna mita 260 hivi. Sasa nenda kaskazini-magharibi mwisho kabisa wa njia ya Metropolitan: kutoka Chalfont & Latimer hadi Chesham, nako ni kituo kimoja tu, ni zaidi ya kilomita 6. Kipande kimoja kinakizidi kingine zaidi ya mara ishirini, na kwenye ramani huwezi kuliona hilo hata kidogo.

Mgeni anayepanda treni Leicester Square kwenda Covent Garden anagusa kadi getini, anateremka ngazi za umeme, anasubiri, anasafiri muda ambao hautoshi hata kutafuta kiti, kisha anapanga foleni ya lifti Covent Garden. Akikosa subira, anakutana na ngazi za kawaida 193 za mzunguko, na kibao kinamwonya kabla hajaanza kupanda. Analipa nauli ya kanda ya 1, yaani eneo la nauli la katikati ya mji, ileile anayolipa mtu anayekatiza kanda nzima saa hiyohiyo. Angetembea barabarani angekuwa ameshafika, tena angepita mbele ya maduka na kumbi za maonyesho alizokuja kuziona.

Lakini unaoniumiza zaidi ni mfano wa Bayswater. Wageni wengi hufikia hoteli za eneo hilo. Asubuhi wanataka kwenda Oxford Circus. Wanaingia kituo cha Bayswater, wanapanda treni ya njia ya Circle au District kwenda Notting Hill Gate, yaani wanarudi magharibi wakati waendako ni mashariki. Hapo wanashuka, wanateremka hadi kwenye jukwaa la njia ya Central, wanasubiri tena. Treni ya Central inaondoka, na kituo cha kwanza inachosimama ni Queensway, ambacho kiko mtaa uleule wa Bayswater, mwendo wa dakika mbili tatu kwa miguu kutoka pale walipoanzia. Wamezunguka na kubadili treni ili warudi karibu na mlango wa hoteli. Na siwalaumu: kwenye mchoro, Bayswater na Queensway viko kwenye njia mbili tofauti, na si rahisi mgeni kutambua kwamba ni majirani.

Kwa hiyo ninawasisitizia kila siku: fungua kwanza ramani ya mitaa kwenye simu, ndipo uangalie ya treni. Shirika la usafiri la London, TfL, lenyewe limetoa ramani inayoonyesha dakika za kutembea kati ya kituo na kituo. Ipakue kabla hujasafiri. Ndani ya kanda ya 1, safari ya miguu isiyofika robo saa usiihangaikie treni. Kama una mizigo, mtoto mchanga au magoti yanayosumbua, panda basi. Vituo vingi vya treni bado havina lifti ya kukutoa barabarani hadi kwenye jukwaa, na hilo wageni hulijua wakiwa tayari na sanduku katikati ya ngazi.

Jina nalo huwapotosha. Kuna vituo viwili vinavyoitwa Edgware Road, kimoja cha Bakerloo na kingine cha Circle, District na Hammersmith & City. Havijaunganishwa ndani, unatoka nje na kutembea. Hammersmith ni hivyohivyo, viwili vimetenganishwa na barabara. Mkiahidiana kukutana Edgware Road, tajeni na njia.

Kisha kuna dhana nyingine ninazozisikia kwa wageni. "Lazima kwanza ninunue Oyster," yaani kadi ya nauli ya London. Si lazima. Kadi ya benki ya kugusa, au simu iliyounganishwa na kadi hiyo, inakata nauli ileile ya mtu mzima na ina ukomo uleule wa makato kwa siku. Uliza tu benki yako inatoza kiasi gani kwa malipo ya nje.

"Simu na kadi ni akaunti moja, nitagusa chochote." Hapana! Geti linaziona kama kadi mbili. Ukiingia kwa simu ukatoka kwa kadi, umeanzisha safari mbili ambazo hazijakamilika, na kila moja inatozwa nauli ya juu kabisa. Chagua kimoja ukitumie siku nzima. Kwenye treni gusa unapoingia na unapotoka. Kwenye basi gusa ukipanda tu, na usitoe noti, maana mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu 2014.

"Kadi ya baba itatutosha wote." Kila anayelipa awe na kadi yake. Watoto wasiofika miaka 11 husafiri bure kwenye treni hizi, hadi wanne kwa kila mtu mzima. Pitieni nao geti pana mkimwonyesha mhudumu.

"Circle inazunguka, nikipitiliza itanirudisha." Tangu Desemba 2009 haizunguki tena mfululizo bila kuishia popote. Inaanzia Hammersmith, inapita Edgware Road, inazunguka katikati ya mji na kuishia hapohapo Edgware Road. Ukipitiliza, shuka uvuke upande wa pili.

"Treni yoyote ya Piccadilly ya kwenda magharibi inafika uwanja wa ndege wa Heathrow." Njia hiyo inagawanyika Acton Town, na baadhi ya treni zinaelekea Uxbridge. Soma ubao wa jukwaani kabla ya kuingia na uhakikishe pia jengo lako la abiria, kwa sababu treni ya Terminal 5 haipiti Terminal 4.

"Treni zinatembea usiku kucha." Ni usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi tu, kwenye njia za Victoria, Jubilee na sehemu kubwa ya Central, Northern na Piccadilly. Siku nyingine, ukichelewa sana, tafuta basi lenye herufi N mbele ya namba.