Sisti ya ini, siyo kila moja inanyonywa

Jamani hii ya "wamenikuta na maji kwenye ini, wapi wananyonya?" imezidi sasa. Sisti ni kimfuko chenye majimaji, basi. Na siyo yale maji ya tumbo kujaa, hayo ni mambo mengine kabisa. Nyingi zinaonekana kwa bahati tu, mtu kaenda kupiga ultrasaundi ya figo, ripoti inarudi na sisti ya ini.

Ya kawaida kwenye ultrasaundi ni nyeusi tupu ndani, ukuta mwembamba, na nyuma yake picha inang'aa. Ikiwa hivyo na huumwi chochote, mwongozo wa 2022 wa EASL, chama cha wataalamu wa ini Ulaya, unasema haina haja hata ya kurudia vipimo. Ukiinyonya kwa sindano maji yanarudi, maana utando wa ndani ndo unaoyatengeneza.

Sasa kinachonikera ni watu kuichanganya hiyo na sisti ya minyoo ya mbwa, ambayo Turkana na Umasaini ipo sana. Mbwa anatupiwa ini la kondoo lenye sisti, anatoa mayai kwenye kinyesi, mtu anayameza bila kujua, na miaka inapita kimya. Ikiwa changa, ile WHO wanaita CE1 (wanazipanga kwa hatua, CE1 mpaka CE5), inaweza kufanana na ya kawaida kiasi cha kukudanganya, mpaka uone ukuta wa mistari miwili au vichangachanga vinavyotembea mgonjwa akigeuka. Kipimo cha damu nacho kikisema hakuna usijiamini sana. Hii ukiitoboa kienyeji yale majimaji yakamwagika tumboni, mtu anaweza kupata mzio wa kuua, na akipona hapo bado mbegu za minyoo zinaweza kuota sisti nyingine. Kutoboa kupo, njia inaitwa PAIR (unatoboa, unanyonya, unaingiza dawa ya kuua mbegu, unanyonya tena), ila mgonjwa anaanzishwa albendazole, dawa ya minyoo, kwanza na dawa za mzio ziko mezani. Zilizokwisha kufa, CE4 na CE5, mara nyingi zinaachwa zinaangaliwa tu.

Adimu zaidi ni zile zenye kuta ndani kwa ndani, hasa kwa wanawake. Hapo unapigwa MRI, picha ya mashine ya sumaku, na zikishukiwa zinakatwa nzima, maana zinaweza kugeuka kansa.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujauliza bei ya kunyonya, muulize daktari ukuta wake ukoje na ndani kuna nini, na mwambie kama umekulia kwenye mifugo na mbwa.