Baiolojia, Bodi na hesabu ya mjomba

Imetokea tena, safari hii kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Binti wa dada yangu kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia, baiolojia), anataka kusoma shahada ya baiolojia. Mjomba akaandika: "Akope milioni 12 aje alipwe laki nane? Hilo deni atazikwa nalo." Vidole gumba kumi na moja. Nikaweka simu chini nikachemsha chai. Naandika hapa kwa sababu kule ningemvunjia mtu mzima heshima.

Mimi natengeneza mishahara. Kazi yangu ni slipu: PAYE (kodi ya mshahara), mfuko wa pensheni, bima, Bodi (ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu Tanzania), na mbio za kila mwezi za kupeleka makato. Kabla ya hapo nilisoma zuolojia, kwa mkopo. Makato nimeyakata na nimekatwa.

Kosa la mjomba ni kuweka deni zima upande mmoja wa mizani na mshahara wa mwezi upande wa pili. Bodi ya Mikopo haidai hivyo. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, basi. Udaiwe milioni 4 au milioni 20, kinachotoka mwezi huu ni kilekile. Ukubwa wa deni hausemi unakatwa kiasi gani, unasema unakatwa mpaka lini. Na ni mshahara wa MSINGI, jamani. Kila mwezi kuna mtu anakuja mezani kwangu na kikokotoo, kajumlisha nyumba, usafiri na vocha, anadai nimemkata pungufu na Bodi itamfunga. Posho zinaguswa na TRA, watu wa kodi. Bodi haina habari nazo.

Tuandike slipu. Mtumishi wa umma, msingi 800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, yaani 40,000. Zinabaki 760,000 za kutozwa kodi, PAYE 68,000. Bima ya afya 24,000. Bodi 120,000. Mkononi 548,000. Inauma, sikatai. Deni la milioni 12 (bumu, yaani pesa ya kujikimu chuoni, la 10,000 kwa siku, vitabu laki mbili kwa mwaka, ada ya miaka mitatu, unafika huko bila anasa yoyote) ukiongeza asilimia 1 ya ada ya uendeshaji wa mkopo linakwisha kwa miezi 101. Miaka minane na miezi mitano, na mshahara ukipanda inapungua. Hazikwi nalo mtu.

Lakini nimtendee mjomba haki, hofu yake haikutoka hewani. Mpaka 2021 kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Milioni 12 inazaa 720,000 kwa mwaka, yaani 60,000 kila mwezi. Na zamani makato yalikuwa asilimia 8: kwenye laki nane ni 64,000. Unakatwa 64,000, deni linazaa 60,000, umepunguza elfu nne. Chipsi kavu na soda. Mwenye mshahara mdogo zaidi alikuwa anakatwa kila mwezi na deni linapanda. Sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa 2016 makato yakawa 15, tulilia sana, mimi nikiwa mbele. Nilipokuja kukaa na karatasi ndipo nikaona kwamba lile lile tulilolililia ndilo lililofanya deni lianze kushuka. Mwaka 2021 tozo ikafutwa, na adhabu ya asilimia 10 ya wachelewaji ikaenda nayo. Deni la leo limesimama lilipo. Mjomba anapiga hesabu za 2015.

Swali ambalo kundi zima halikuuliza ni hili: atakaa mtaani miezi mingapi? Mwaka mmoja bila hiyo 548,000 ni 6,576,000, zaidi ya nusu ya deni. Miaka mitatu ni 19,728,000, imelipita deni lote na chenji juu. Hapo ndipo baiolojia inapopimwa, na hapo siwezi kuitetea kwa kifua. Kwenye maabara ya hospitali husajiliwi kwa shahada hiyo, wanataka sayansi ya maabara ya tiba. Ukitaka kufundisha, ongeza mwaka mmoja wa stashahada ya uzamili ya ualimu. Utafiti, wanyamapori, uvuvi, viuatilifu: nafasi zinatangazwa mbili tatu, waombaji wanajaza uwanja.

Nilimaliza 2015. Mwaka uliofuata serikali ikasimamisha ajira mpya ikisaka watumishi hewa. Nikauza dawa za minyoo ya mbuzi kwenye duka la pembejeo, nikawa naandika daftari la duka, daftari likanipeleka kwenye uhasibu. Nilipoajiriwa mara ya kwanza, slipu ilionyesha nakatwa Bodi miezi saba mfululizo. Taarifa ya deni langu haikuwa na hata shilingi moja iliyoingia, mwajiri alikuwa anakata na kukaa nazo. Omba taarifa yako, usiamini slipu. Ndiyo, nasema hivyo mimi ninayezitengeneza.

Kinachonikera kuliko mjomba ni waliojiajiri. Baada ya miezi 24 ya kumaliza chuo, kanuni inawataka walete angalau 100,000 kwa mwezi. Mfuga kuku anayebakiwa na 250,000 anatoa asilimia 40 ya kipato chake. Mwajiriwa wa 250,000 anakatwa 37,500. Halafu tunawaambia vijana wajiajiri.

Watu wananiuliza kama walipe Bodi haraka wamalize. Jibu langu la mezani: una mkopo wa benki au wa SACCOS wenye riba, malizana na huo kwanza, wa Bodi hauzai na shilingi inazidi kupungua nguvu. Jibu la moyoni ni tofauti. Katika uhai wa mkopo wangu mmoja makato yametoka 8 kwenda 15 na tozo imetoka 6 kwenda sifuri. Nani anaapa kwamba hawatagusa tena? Mimi wangu niliulipa wote kwa mkupuo, kinyume na ninachohubiri, na mpaka leo sina hakika kama ilikuwa hesabu au woga.

Jana binti kanipigia. "Mama mdogo, nisome au nisisome?" Nikamuuliza, ukimaliza, miezi sita ya kwanza utakuwa unafanya nini? Akasema kuna mtu anatotolesha vifaranga vya sato karibu na kwao, ameshamwomba afanye naye kazi kila likizo. Nikaliandika jibu hilo kundini. Mjomba kaweka kidole gumba. Huenda kakigusa kwa bahati mbaya.