Rosti ya ng'ombe kwenye sufuria ya umeme ya polepole: kuunga kwanza

Wengi wetu tumelelewa kupika nyama ya ng'ombe kwa hatua mbili. Kwanza inachemshwa na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka iive. Kisha inaungwa: mafuta, vitunguu, nyanya, karoti, hoho, nyama inaingia, supu yake inamwagiwa juu. Mpangilio huo unafaa kwa mkaa na kwa gesi. Ukiufuata kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole, utapata mchuzi mwepesi, mweupe, wenye ladha ya wodini. Ukitaka rosti nzito inayoshika tonge la ugali, geuza mambo: unga kwanza, halafu uiache iive yenyewe.

Sababu ni joto. Sufuria hizi ni bakuli zito la kauri linalopashwa taratibu na umeme, mara nyingi wati 200 hadi 300 tu kwa zile za ukubwa wa kati. Moto wa chini na moto wa juu vyote huishia karibu na joto la kuchemka. Tofauti yao ni muda wa kufika huko. Nyama haiwezi kupata rangi ya kahawia na ile harufu ya kukaangwa mpaka uso wake ufike kama nyuzi 140 za Selsiasi, na ndani ya mchuzi hakuna mahali panapofika hapo. Hapa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yenyewe yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kwa hiyo rangi na harufu vitoke kwenye kikaango kabla nyama haijaingia humo. Na wanaosema kukaanga "kunafunga utamu wa nyama ndani" wasikusumbue. Hakufungi kitu, kunaongeza ladha tu, na hiyo inatosha.

Bucha ndiko kazi inakoamuliwa. Usinunue steki laini. Pesa yako itaishia kuwa nyuzi kavu. Omba muundi, shingo, kidari au mkia, vipande vyenye kano na ngozi nyeupe katikati ya nyama. Weupe huo ni kolajeni. Ukipewa joto la wastani kwa saa nyingi, pamoja na unyevu, unayeyuka na kuwa jelatini, na jelatini ndiyo inayofanya mchuzi ugande kidogo midomoni bila unga wowote. Steki haina kolajeni ya kutosha, kwa hiyo saa zote hizo zinaikamua maji bila kuilipa chochote.

Jambo jingine: mapishi mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa ng'ombe aliyenoneshwa, akachinjwa kijana, na nyama ikaning'inizwa kwenye baridi siku kadhaa. Ng'ombe wetu wa asili ametembea, pengine amelima, amechinjwa alfajiri, na saa mbili asubuhi yuko kwenye mizani. Ukisoma "muda wa saa 6", usishangae nyama yako bado inabishana na meno. Mimi huanzia muda wa saa 8 kwa moto wa chini, na muundi wa ng'ombe mzee naupa 10. Papai bichi, ambalo kwa mkaa ni msaada mkubwa, hapa naliacha kabisa. Kimeng'enya chake hufanya kazi kwa nguvu zaidi kati ya nyuzi 50 na 70, na sufuria hii hupita eneo hilo kwa mwendo wa kinyonga; nje ya nyama itakuwa uji wakati ndani bado pagumu.

Kwa kilo moja: kata vipande vikubwa, kama nusu ya ngumi, vifute maji, vitie chumvi na pilipili manga. Kaanga kwa mafuta yenye moto mkali, vichache vichache, la sivyo vitatoa maji na kujichemsha. Vitoe. Kwenye mafuta hayohayo tia vitunguu viwili vikubwa mpaka viwe kahawia, kisha nusu ya kitunguu saumu na tangawizi, bizari ya mchuzi, kijiti cha mdalasini, na nyanya nne zilizosagwa. Hapa usiwe na haraka: nyanya zikaange mpaka mafuta yajitenge juu. Kikombe kimoja cha maji ya moto kinasafisha ule ukoko wa chini ya kikaango, na vyote vinamiminwa kwenye bakuli. Kikombe kimoja tu. Mvuke wote unagonga kifuniko na kurudi ndani, na nyama nayo itatoa maji yake. Anayefunika nyama kwa maji anapika supu.

Viazi mviringo vinawashangaza watu, maana nyama inaiva navyo vinabaki vigumu. Kinachoshikilia kiazi hakilegei vizuri mpaka joto likaribie nyuzi 85, na asidi ya nyanya inakifanya kiwe kigumu zaidi. Vipange chini kabisa na ubavuni, karibu na chanzo cha joto, nyama ikae juu. Karoti vivyo hivyo.

Ukishafunika, funika. Kila ukichungulia unapoteza joto ambalo hurudi baada ya dakika 20 au 30. Nusu saa ya mwisho ndipo unapoongeza kitunguu saumu na tangawizi iliyobaki, hoho, na tui zito la nazi kama unalitaka. Tui likikaa humo tangu asubuhi hukatika. Dhania na tone la limau vije mezani.

Kifaa chenyewe asili yake ni maharage zaidi kuliko nyama. Irving Naxon wa Chicago aliomba hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1936 na kuipata 1940, baada ya mama yake kumsimulia cholent, chakula cha Wayahudi wa Vilna (leo Vilnius, Lithuania) cha maharage na nyama kilichoingizwa tanurini Ijumaa kabla ya jua kuzama ili kiliwe siku ya Sabato. Kampuni ya Rival iliinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata sufuria hiyo ikaingia sokoni kwa jina la Crock-Pot. Hata hivyo, maharage mekundu mabichi usiyatumbukize kwenye rosti hii. Yana sumu inayovunjwa na mchemko wa nguvu, na joto la chini linaweza hata kuizidisha. Yaloweke, mwaga maji, yachemshe kwa dakika 30 jikoni, ndipo yaingie.

Umeme ukikatika ukiwa nyumbani, hamishia kwenye gesi mara moja. Ukirudi kazini ukakuta saa ya umeme inapepesa na hujui ulikatika saa ngapi, mwaga, hata kama nyama inaonekana imeiva. Chakula kilichokaa muda chini ya nyuzi 60 ni shamba la bakteria. Kwa sababu hiyohiyo nyama iliyoganda iyeyushwe kwanza.

Kama sufuria imetoka kwa shangazi aliyeko Marekani, geuza utazame chini: ikiwa imeandikwa volti 120, usiichomeke kwenye soketi yetu ya 230 bila transfoma inayoweza kubeba wati zake. Na kiporo kitolewe kwenye bakuli kikiwa bado cha moto, kitawanywe kwenye vyombo vipana, kiende kwenye friji. Kesho yake kipashe kwenye gesi mpaka kichemke, si humo tena.