Majani Makavu Kabla ya Theluji: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Novemba, miti ya mepo na mialoni ya mji wa Madison, jimboni Wisconsin, Marekani, hupukutisha majani hadi ua mzima ukafunikwa. Sisi tuliolelewa mahali ambapo ua hufagiliwa kila alfajiri, udongo ukabaki na michirizi ya chelewa, tumefika huku na mkono uleule: tukiona jani limelala juu ya nyasi, twaona uchafu. Mazoea hayo yana heshima yake, lakini yamesaidia kukuza dhana kadhaa zinazowachosha watu bure, na mojawapo inaharibu maziwa tunamovua samaki na ambamo watoto wetu huogelea.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba majani yote sharti yaondolewe, la sivyo nyasi zitakufa. Ndani yake mna nusu ya ukweli. Nyasi zinazopandwa huku ni za jamii inayopenda baridi. Haziachi kukua Septemba inapokwisha, bali huendelea kujitengenezea chakula na kukuza mizizi hadi ardhi inapokaribia kuganda, na kwa kazi hiyo zinahitaji mwanga. Tabaka nene la majani mazima huzinyima mwanga huo, na likilowa mvua hugandamana kama mkeka. Theluji ikishaanguka juu yake, unyevu hubaki chini kwa miezi, na hapo ndipo hustawi kuvu wa theluji. Aprili moja niliinua kwa reki tabaka la namna hiyo lililokuwa limesahaulika nyuma ya nyumba. Majani yaliinuka kwa vipande vipana kama karatasi zilizolowa, na chini yake nyasi zilikuwa zimelala, zimepauka rangi ya majivu, zikiwa zimeshikana kwa nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui.

Hata hivyo, kilichoziumiza nyasi zile ni unene wa tabaka, si majani yenyewe. Majani yaleyale yakisagwa kwa mashine ya kukatia nyasi, vipande vyake hupenya hadi kwenye udongo, ambako minyoo na vijidudu huvigeuza kuwa mboji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na ushauri unaotolewa na chuo hicho ni kwamba hata majani yenye kina cha sentimeta 15 hivi yanaweza kusagwa kwa mara moja juu ya nyasi bila kuzidhuru. Tena waliona kwamba magugu ya dandelioni hupungua mahali yaliposagwa majani ya mepo. Cha muhimu ni kungoja majani yakauke, kwa kuwa yaliyolowa hunasa chini ya mashine, kupandisha kisu hadi kimo cha sentimeta saba au nane, kupita polepole, kisha kupita tena kwa kukatiza njia ya kwanza. Ukiona ncha za nyasi zimechomoza juu ya vipande, kazi imekwisha. Vipande vikizifunika, punguza kwa reki na upeleke vilivyozidi kwenye mboji au kwenye matuta ya mboga. Kufanya hivyo kila wiki ni kazi ya nusu saa. Kungoja hadi miti yote iwe mitupu ni kazi ya siku nzima, na pengine theluji itakutangulia.

Wapo wanaokubali kusaga majani ya mepo lakini wakayaogopa ya mwaloni, wakidai kwamba hutia udongo asidi. Jani la mwaloni lililoanguka karibuni lina asidi kidogo, ni kweli, lakini asidi hiyo hutoweka kadiri linavyooza. Vilevile si kweli kwamba vipande vya majani ndivyo hujenga lile tabaka gumu kama sponji lililo kati ya nyasi na udongo. Tabaka hilo hutokana na mashina na mizizi ya nyasi zenyewe.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile inayowafanya watu wasukume majani barabarani kwa imani kwamba ni vitu vya asili, hivyo hayawezi kuchafua maji. Jani lililolala kando ya lami huwa kama jani la chai ndani ya birika: mvua ikinyesha, fosforasi iliyomo hutoka na kwenda na maji. Mifereji ya mvua ya Madison haiendi kwenye mtambo wa kusafishia maji, bali humwaga moja kwa moja kwenye maziwa kama Mendota na Monona, na huko fosforasi hulisha mwani, ambao wakati wa joto huyageuza maji kuwa ya kijani, yenye harufu, hata fukwe zikafungwa. Utafiti wa Idara ya Jiolojia ya Marekani uliofanywa katika mitaa ya mji huuhuu na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mtaa ulioondolewa majani kabla ya mvua ulipunguza fosforasi iliyokwenda na maji ya mvua katika majira ya majani kupukutika kwa asilimia 84. Mahali ambapo majani hayakuondolewa, zaidi ya nusu ya fosforasi ya mwaka mzima ilitoka katika majira hayo peke yake. Kwa hiyo anayetaka halmashauri imchukulie majani ayarundike kwenye ukanda wa nyasi ulio kati ya njia ya miguu na barabara, asiyashushe kwenye lami, na kabla ya mvua afagie ukingo wa barabara mbele ya nyumba yake. Mkono wetu wa kufagia alfajiri unahitajika pale kuliko penginepo.

Kuyachoma si suluhisho, kwani moshi wake, hasa majani yakiwa na unyevu, umejaa kaboni monoksaidi na chembechembe zinazoingia ndani kabisa ya mapafu. Kuyatupa pamoja na takataka za nyumbani nako hakufai: Wisconsin imepiga marufuku kuyapeleka kwenye majalala tangu mwaka 1993.

Miaka ya karibuni imezuka dhana iliyo kinyume cha ile ya kwanza, kwamba anayependa viumbe aache kila jani lilipoangukia. Ni kweli kwamba vimulimuli wachanga hupitisha baridi kwenye udongo na majani yenye unyevu, na kwamba nondo wakubwa wa kijani waitwao luna hujifunga ndani ya jani na kulala chini hadi joto lirudi. Lakini makao yao yanayofaa ni chini ya miti na vichaka, si katikati ya nyasi zinazokatwa kila wiki. Yahamishie huko majani mazima kwa reki, bila kuyasaga, wala usiyarundike pembezoni mwa mahali watoto wanapochezea, kwa kuwa kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme nao hujificha humo.