Mawe ya Sikio Si Mawe ya Figo

Juzi tena kliniki: mgonjwa wa kizunguzungu ameacha maziwa na dagaa, eti vina kalsiamu, "ili mawe ya sikioni yapungue". Jamani!

Otokonia, yaani hayo mawe ya sikioni, si uchafu wala ugonjwa. Ulikuwa nazo tumboni mwa mama. Ni chembe za kalsiamu kaboneti, nyingi hazifiki hata mikromita 30. Samaki wengi wana mawe kamili, matatu kila upande, lakini kazi ni ileile.

Tena hazigandi zenyewe kama chokaa kwenye birika. Majimaji ya sikio la ndani yana kalsiamu kidogo mno, ndiyo maana seli hutandaza kwanza kiunzi cha protini, otokonini-90 ikiwa kuu, kisha madini yakajijenga juu yake. Panya wenye hitilafu katika jeni ya otopetrini-1 hukosa otokonia kabisa; watie majini uone, hawajui juu ni wapi. Wanyweshe maziwa upendavyo.

Kazi yake ni uzito. Chembe hizi ni nzito kuliko majimaji yanayozizunguka, zaidi ya mara mbili. Ukiinamisha kichwa, au gari likiondoka ghafla, zinauvuta utando wa utrikuli na sakuli, vifuko viwili vya sikio la ndani zinamokaa, vinywele vya seli vinapinda, ubongo unapata habari.

Sasa hapa ndipo watu wanaponichosha. Mifereji nusuduara, mirija iliyopinda iliyo jirani na vifuko hivyo, haipaswi kuhisi uzito hata kidogo. Yenyewe inapima mzunguko tu. Chembe zikibanduka utrikuli na kuangukia humo, mara nyingi mfereji wa nyuma, mfereji unaanza kuhisi kitu kisichouhusu. Unageuka kitandani, kichwa kinatulia, chembe zinaendelea kuporomoka na kusukuma majimaji. Ubongo unaambiwa bado unazunguka, na chumba kinazunguka kweli, kwa kawaida chini ya dakika moja. Kosa ni mahali zilipo, si kuwapo kwake! Ndiyo maana tunakulaza na kukigeuza kichwa kwa utaratibu wa Epley, uliochapishwa 1992. Vidonge havisogezi chembe.

Vitabu huchora chembe zikirudi utrikuli na kutulia kwa adabu. Hakuna anayeziona zikitulia. Huenda nyingine zinayeyuka tu. Hata swali la kama mtu mzima hutengeneza mpya au la, hatujakubaliana. Ila jaribio la Korea Kusini la 2020 liliwapa vitamini D pamoja na kalsiamu wagonjwa waliopungukiwa na vitamini hiyo, na kizunguzungu kikawarudia mara chache zaidi. Kalsiamu, mnasikia?

Na kizunguzungu kikija na ulimi mzito au mkono kulegea, achana na blogu hii, kimbilia hospitali.