Samadi Haishiki Maji Sawasawa Katika Kila Udongo

Wakulima wengi huamini kwamba samadi na mboji huufanya udongo wowote ushike maji mengi zaidi. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, lakini husahau kwamba udongo haufanani.

Usukuma, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, hutoa mfano ulio wazi. Kwenye miinuko kuna luseni, udongo wa kichanga, na bondeni kuna udongo mweusi wa mbuga, mfinyanzi unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Katika luseni, ambamo maji hupita haraka kati ya chembe za mchanga, mboji huongeza vitundu vidogo vya kuyazuia, na faida yake huonekana. Mbuga ina vitundu hivyo tele. Shida yake ni kwamba sehemu kubwa ya maji hushikwa kwa nguvu inayoishinda mizizi, ndiyo maana mahindi huweza kunyauka ilhali udongo ukiufinyanga mkononi bado una unyevu. Humo mboji huongeza maji kidogo tu, ila husaidia chembe kushikamana kuwa mabonge madogo, hewa na mizizi vikapata njia.

Potofu zaidi ni dhana kuhusu kiasi, kwamba samadi kidogo huongeza maji mengi. Mwaka 2018 Minasny na McBratney wa Chuo Kikuu cha Sydney walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi, wakaona kwamba kaboni ya udongo, yaani ile iliyomo katika mboji na masalia mengine ya viumbe, ikiongezeka kwa asilimia 1 ya uzito, maji yanayoweza kutumiwa na mmea huongezeka kwa wastani wa milimita 1.16 katika kila milimita 100 za kina. Kwa kina cha sentimita 20 hizo ni milimita 2.3 hivi, yaani lita 23,000 kwa hekta. Ni nyingi kuzisikia, lakini mahindi yaliyotoa mbelewele huweza kutumia milimita 5 kwa siku moja ya jua kali. Tena asilimia hiyo haipatikani kwa tela moja la samadi: udongo wa kina hicho una uzito wa karibu tani 2,800 kwa hekta, hivyo zinahitajika tani 28 za kaboni itakayosalia baada ya vijidudu kula sehemu yao, ambayo katika joto letu ni kubwa.

Kusema kwamba samadi basi ni kazi bure nako ni kupotoka. Faida yake kubwa iko juu ya ardhi: mabonge imara hayavunjwi upesi na matone ya mvua, kwa hiyo maji huingia badala ya kutiririka, na mabua yakitandazwa hupunguza mvukizo. Mvua ya milimita 40 ikipotea nusu kwa kutiririka, shamba limekosa milimita 20.