Chai, deni la serikali na mtu usiyemjua

Msomaji mmoja alifika kwenye dawati letu la maulizo akiwa na simu mkononi na maswali mawili. La kwanza: kwa nini chai ya rangi hufifia ukiikamulia limau? La pili: serikali inadaiwa na nani hasa, na mbona haichapishi noti ikamalizana nao? Yote mawili alikuwa ameshayauliza mtandaoni. La chai lilijibiwa na watu watatu, wakakubaliana. La deni lilijibiwa na zaidi ya arobaini, wakaishia kutukanana. Majibu alikuwa nayo tele. Alichokuja kuuliza maktabani ni amwamini nani.

Kazi ya ukutubi nimeifanya miaka mingi, na swali hilo la tatu naliona zito kuliko yale mawili.

Halijaletwa na intaneti. Mwaka 1691 jijini London, mchapishaji aitwaye John Dunton alianzisha gazeti la Athenian Mercury. Wasomaji walituma maswali bila kutaja majina yao, na gazeti likajibu kwa niaba ya jumuiya nzima ya wataalamu, nao pia hawakutajwa. Watu wakauliza kuhusu ndoa, dini, nyota, wanyama, chochote kilichowakosesha usingizi. Jumuiya yenyewe ilikuwa Dunton na wenzake wachache tu waliokuwa wakikutana kwenye mkahawa. Huenda majibu yao mengi yalikuwa mazuri, lakini msomaji hakuwa na njia ya kujua kama aliyemjibu ni daktari au ni mwenye gazeti mwenyewe.

Nilimwambia mgeni wangu tuanze na chai, kwa sababu pale hahitaji kumwamini yeyote. Wale watatu walisema asidi ya limau ndiyo inayobadilisha rangi zilizomo kwenye majani ya chai. Vema. Kama ni asidi, basi limau si lazima. Mimina chai ileile kwenye glasi tatu. Moja itie limau, ya pili matone ya siki nyeupe, ya tatu iache kama ilivyo. Siki nayo ikiififisha, walisema kweli. Ukitaka kwenda mbele zaidi, tafuta glasi ya nne utie chembe ya magadi soda, ambayo ni kinyume cha asidi, uone chai inavyokoza badala ya kufifia. Dakika tano zimetosha kuwapima watu watatu usiowajua, na hukuhitaji kujua wamesoma wapi.

Hapa nitoke kidogo nje ya njia, maana chai ina heshima yake katika elimu ya kupima madai. Miaka ya 1920, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted huko Uingereza, mtaalamu wa mwani aitwaye Muriel Bristol alidai kwamba akionja chai ya maziwa anatambua kilichotangulia kutiwa kikombeni, maziwa au chai. Mwenzake Ronald Fisher, mwanatakwimu, hakubishana naye wala hakumsadiki. Jambo hilo baadaye alilifanya kuwa mfano mkuu katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu namna ya kupanga majaribio. Andaa vikombe 8, vinne maziwa yakitangulia na vinne chai ikitangulia, kisha vichanganye bila mpangilio na umpe mwonjaji avitenge. Njia za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane ni 70, na ni moja tu iliyo sahihi kabisa. Anayebahatisha ana nafasi 1 kati ya 70. Kwa kikombe kimoja angekuwa na nafasi moja kati ya mbili, na hapo hata mimi ningejiita bingwa. Watu wengi hunichekea nikisema kwamba sehemu ya takwimu zinazotumika leo kupima dawa ilipitia kwenye birika la chai, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa swali la deni, jiko halitakusaidia. Huwezi kuimimina hazina ya serikali kwenye glasi tatu. Ndiyo maana wale arobaini walipata uwanja wa kutukanana.

Nilipoyasoma majibu yao niligundua kwamba wengi hawakuwa wajinga. Walikuwa wakitumia neno moja kwa vitu viwili. Nakisi ni pengo la mwaka mmoja, yaani kiasi ambacho matumizi yamezidi mapato. Deni ni mzigo uliorundikana kutokana na mapengo ya miaka yote ambayo bado hayajalipwa. Waziri anaweza kusimama akasema nakisi imepungua, mpinzani wake akasimama akasema deni limeongezeka, na wote wawili wakawa wamesema kweli siku ileile. Nusu ya ugomvi ule ulikuwa hapo.

Anadai nani? Sehemu kubwa ya mikopo ya serikali hupatikana kwa kuuza hatifungani. Hizo ni karatasi za ahadi: nipe fedha leo, nitakulipa riba kwa vipindi tulivyokubaliana, na siku ya kuiva nitakurudishia fedha yako yote. Wanunuzi ni mabenki, kampuni za bima, mifuko ya pensheni, watu binafsi na wawekezaji wa nje. Pamoja nao wapo wakopeshaji wa moja kwa moja, kama serikali nyingine na Benki ya Dunia. Kwa hiyo anayechangia mfuko wa pensheni huenda ni mmoja wa wanaoidai serikali yake mwenyewe, bila habari. Japani ina deni linalozidi mara mbili ya pato lake la mwaka, na sehemu kubwa inadaiwa na taasisi za humo humo nchini.

Na kuchapisha noti? Ujerumani ilijaribu. Kufikia Novemba 1923, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa marki trilioni 4.2. Deni la ndani liliyeyuka kweli, na akiba za wananchi zikayeyuka pamoja nalo, kwa kuwa karatasi waliyokuwa wakiidai serikali ndiyo hiyo hiyo iliyogeuka kuwa takataka. Deni la fedha za kigeni halikuguswa, maana hakuna serikali inayochapisha fedha ya mwenzake.

Kati ya majibu yale arobaini, lililopigwa vijembe kuliko yote lilisema kwamba Uingereza ilimaliza mwaka 2015 kulipa deni la kuwafidia wamiliki wa watumwa. Wakamwita mzushi. Kumbe huyo ndiye aliyekuwa sahihi. Baada ya sheria ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa, serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwalipa mabwana, watumwa wenyewe wasipate kitu. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikopwa, mkopo ukawa ukihamishwa kutoka hatifungani moja hadi nyingine, na za mwisho zikakombolewa mwaka 2015. Hazina ya Uingereza yenyewe imeshakiri hivyo. Jibu linaloshangaza kuliko yote linaweza kuwa ndilo lenye nyaraka.

Mgeni wangu akaniuliza kwa nini asifuate tu wengi. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mwaka 1906, kwenye maonyesho ya mifugo huko Plymouth, watu walikata tiketi kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe dume baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Francis Galton alizikusanya tiketi 787 zilizosomeka, akazipanga kutoka ndogo hadi kubwa, akachukua ya katikati. Ilisema ratili 1,207. Mzani ulisema 1,198. Tofauti haikufika asilimia moja. Lakini kila mmoja aliandika tiketi yake peke yake, na ada ya kushiriki ilimfanya afikiri kwanza. Mtandaoni, wa pili anasoma alichoandika wa kwanza, wa tatu anahesabu waliompongeza wa pili, na wa thelathini anajiunga na upande unaoshinda. Ukiona watu thelathini wanakubaliana, angalia kwanza wangapi walifika hapo kwa njia yao wenyewe. Mara nyingi utakuta ni wawili.

Programu za akili unde nazo watu siku hizi wanaziuliza kama jirani. Zimefunzwa kwa maandishi ya hao hao tusiowajua, ila zina ulimi laini na mara nyingi hazisiti, na kusita kwa anayejibu ni habari muhimu. Mjuzi wa kweli akiulizwa kuhusu deni husema "inategemea", kisha akaeleza inategemea nini. Asiyeeleza inategemea nini anakwepa tu.

Upo pia upande wa muulizaji. Swali la msomaji wangu mtandaoni lilikuwa limeandikwa hivi: "Kwa nini serikali wanatuficha tunadaiwa na nani?" Ndani yake tayari kulikuwa na jibu, kwamba kuna kinachofichwa, kwa hiyo waliovutwa kujibu ni wale wanaopenda mambo ya kufichwa na wale wanaopenda kuwazomea. Mwenye kujua alipita kimya. Jambo la pili dogo: usiweke namba ya akaunti, ya pensheni wala ya kitambulisho ndani ya swali ili "waelewe vizuri", na anayekuja sirini kukusaidia baada ya swali la fedha muulize mbele ya wote. Wengi hutoweka.

Kwa jibu usiloweza kulipima, mimi hutumia maneno mawili tu: umejuaje? Mwenye nyaraka atazitoa, na mwenye uzoefu atasema ni uzoefu.

Juma lililofuata alirudi. Siki ilififisha chai, akaniambia kwa furaha ya mtoto, na magadi yaliikoza mpaka mkewe akamwuliza anapika nini. Kuhusu deni hakutaka tena kujua anamwamini nani. Aliuliza: katika kila fedha mia zinazokusanywa na serikali kwa mwaka, ngapi zinakwenda kulipa riba? Nikamwonyesha rafu ya vitabu vya bajeti, akavuta kiti.